Saratani changa ya mlango wa kizazi: tumbo wazi, matundu, au kizazi tu?

Mkazi_Kanda ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Hospitali kadhaa za rufaa za mikoa sasa zina mnara wa laparaskopi (kamera na vifaa vya kupasua kupitia matundu madogo), na wagonjwa wameshaanza kuomba wenyewe "ule upasuaji wa matundu". Wakati huohuo kuna wanaosema kwa saratani ya mlango wa kizazi matundu yamepigwa marufuku, na wengine wanasema hata upasuaji mpana hauhitajiki tena, ondoa kizazi kama cha faibroidi yakaisha. Naomba tutenganishe haya mambo.

Chukulieni wagonjwa wa aina mbili.

A: miaka 41, watoto wanne, uvimbe unaoonekana kwa spekula (kifaa cha kufungulia uke), sm 2.6, saratani ya seli bapa, pembeni kwa kidole laini pande zote.

B: miaka 33, mtoto mmoja, hakuna uvimbe unaoonekana. Koni (kipande cha mlango kilichokatwa kwa umbo la pia) imeonyesha saratani ya seli bapa, kina mm 7, upana mm 9, kingo safi, hakuna seli za saratani ndani ya mishipa midogo (LVSI). Hajaamua kuhusu kuzaa tena.

MRI (picha ya sumaku) haipo hospitalini, ipo mji wa jirani kwa kulipia. Mngefanya nini kwa kila mmoja, na kwa njia ipi?

---

KisuNaUzi:

Mkuu, hapo kuna maswali mawili yamefungwa kwenye kanga moja. La kwanza ni upana: unaondoa tishu kiasi gani pembeni mwa mlango wa kizazi. La pili ni njia: unaingilia wapi. Watu wanagombana kwa sababu mmoja anajibu la kwanza na mwenzake anajibu la pili.

Kabla ya yote mawili, hatua, yaani ugonjwa umefika wapi. Kwa mpangilio wa FIGO (shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake) wa 2018, IA1 ni kina kisichozidi mm 3, IA2 ni zaidi ya mm 3 hadi 5. Kikipita mm 5 umeingia IB: IB1 ni uvimbe usiozidi sm 2, IB2 ni zaidi ya 2 hadi 4, IB3 ni zaidi ya 4. Upana haupandishi tena mgonjwa kutoka IA kwenda IB, ila bado uandikwe. Kwa hiyo A ni IB2 na B ni IB1. Ukisoma tafiti za zamani kumbuka kwamba "IB1" yao ilifika hadi sm 4, yaani A na B wote walikuwa kapu moja. Mkanganyiko mwingi unaanzia hapo.

Sasa njia. Utafiti wa LACC uliochapishwa 2018 uligawa kwa bahati nasibu wanawake 631 katika vituo 33: 319 matundu, 312 tumbo wazi, wote upasuaji mpana. Walioutengeneza walitarajia kuonyesha kwamba njia hizi mbili ni sawa. Ulisimamishwa mapema. Katika miaka 4.5, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi ni asilimia 86.0 kwa matundu na 96.5 kwa tumbo wazi. Vifo vilikuwa 19 kwa 3. Matokeo ya mwisho ya 2024 yalibaki palepale: 85.0 dhidi ya 96.0, na waliokuwa hai kwa jumla 90.6 dhidi ya 96.2.

Mtu atasema, "lakini matundu yanamrudisha mama nyumbani mapema." Kulala wodini, ndiyo, siku hupungua. Ila ubora wa maisha ulipimwa ndani ya LACC hiyohiyo na haukutofautiana kati ya makundi. Kovu dogo halilipi pengo la pointi kumi.

A: tumbo wazi, bila mjadala. B nitamrudia, lakini kwanza aje mtu wa maabara aseme kuhusu hiyo koni, maana kila kitu kwa B kimesimama juu yake.

---

Formalini10:

Nimeitwa. "Kina mm 7, kingo safi" ni sentensi fupi yenye masharti mengi nyuma yake.

Koni ya kutegemea ni kipande kimoja. LEEP (koni ya kitanzi cha waya wa umeme) ikikatwa vipande vitatu vikatupwa pamoja kwenye chupa, siwezi kukuambia kingo ziko wapi, na kina nitakachotoa ni cha kipande kirefu zaidi, si cha ugonjwa. Waya wa umeme pia huunguza ukingo, nikabaki natazama seli zilizovutwa kama nyuzi nisijue ni saratani au ni moto. Unaposhuku kansa iliyokwisha kuvamia, kisu baridi ni bora. Ukilazimika kutumia LEEP, chukua kitanzi kikubwa, pita mara moja.

Weka uzi mmoja kwenye mdomo wa mbele, katikati, na uandike "uzi: mbele katikati". Usiandike "saa 12". Kwa mtu anayesoma saa kwa Kiswahili, saa 12 mshale mfupi uko kwenye namba 6, na koni yako itasomwa kichwa chini. Formalini iwe asilimia 10 iliyorekebishwa, mara kumi ya ujazo wa kipande. Koni iliyobanwa kwenye chupa ya sindano inafika imeoza katikati.

Kina napima kutoka utando wa chini wa epitheliamu ulipoanzia uvamizi, ama wa juu ama wa tezi, hadi seli ya mwisho. Ripoti ikikosa haya irudishe: aina, daraja, kina, upana, LVSI ipo au haipo, umbali wa kila ukingo kwa mm (wa ndani, wa nje, wa kina), na kama ukingo una CIN 3 tu (seli zilizobadilika sana lakini hazijavamia) au saratani yenyewe. "Kingo hazina uvamizi" si sawa na "kingo safi". Ukingo wenye CIN 3 au adenokasinoma (saratani ya seli za tezi za mlango) ambayo haijavamia: rudia koni kwanza, ndipo upange hatua. Mara nyingi koni ya pili ndiyo inayokuta kilichofichika juu kwenye mfereji.

---

KisuNaUzi:

Asante, mkuu. Sasa B.

Utafiti wa SHAPE, uliochapishwa 2024, ulichukua wanawake 700 wenye uvimbe usiozidi sm 2 na uvamizi mfupi: chini ya mm 10 kwa koni au LEEP, au chini ya nusu ya unene wa mlango wa kizazi kwa MRI. Nusu walifanyiwa upasuaji mpana, nusu waliondolewa kizazi kwa njia ya kawaida, wote pamoja na tathmini ya tezi za limfu. Ugonjwa kurudi kwenye nyonga katika miaka 3: asilimia 2.17 kwa mpana, 2.52 kwa kawaida. Yaani sawa. Tofauti ikawa kwenye mkojo. Baada ya wiki 4 za mwanzo, kushindwa kuuzuia kulikuwa asilimia 11.0 kwa mpana na 4.7 kwa kawaida, na mkojo kubaki kibofuni 9.9 dhidi ya 0.6.

Kwa hiyo B akisema hazai tena: ondoa kizazi kwa njia ya kawaida, pamoja na tezi. Lakini "kawaida" hapa si ile ya faibroidi ambapo mtu anabana karibu na mlango na kuacha kipande. Mlango wote lazima utoke mzima, na ukanda mwembamba wa uke usiozidi nusu sentimita. Kuacha shina la mlango kwa mgonjwa wa saratani ni kuacha saratani.

Akisema anataka kuzaa, anaweza kubaki na koni hiyohiyo na tezi zikapimwa kwa upasuaji. Watafiti wa ConCerv walifanya hivyo kwa wagonjwa 100, wakiwemo walioondolewa kizazi kwa kawaida, na ugonjwa ulirudi kwa asilimia 3.5 katika miaka 2. Masharti yao: sm 2 au chini, kina kisichozidi mm 10, hakuna LVSI, kingo safi, seli bapa daraja lolote au adenokasinoma daraja la 1 na 2. B anaingia kote. Ingekuwa LVSI ipo, ningezungumzia kuondoa mlango na tishu za pembeni huku mwili wa kizazi ukibaki, kushona uzi wa kudumu kwenye shingo iliyobaki, na kujifungua kwa upasuaji mimba ikija. Hiyo si kazi ya kujaribia.

---

Mkazi_Kanda:

Hapo ndipo ninapokwama. SHAPE wengi wao si walifanyiwa kwa matundu? Sasa LACC inasema yanaua, SHAPE inatumia matundu na matokeo mazuri. Tushike lipi?

---

KisuNaUzi:

Ndiyo, kundi la kawaida wengi walikuwa matundu. Lakini SHAPE haikugawa watu kwa njia, iligawa kwa upana, kwa hiyo haiwezi kuitengua LACC. Inachofanya ni kutusogeza kwenye swali la *kwa nini*.

Dhana yenye nguvu zaidi ni uvimbe kufunguliwa ndani ya tumbo. Kwenye matundu, kifaa cha kusukuma kizazi kinaingizwa kupitia mlango wenye uvimbe, kinaukandamiza kwa saa mbili tatu, kisha uke unakatwa kwa ndani, na uvimbe unatazama tumbo lililojaa kaboni dioksidi inayozunguka. Kwa tumbo wazi, uke unabanwa chini ya uvimbe ndipo ukakatwa. SUCCOR, uliopitia rekodi za Ulaya za 2013 na 2014, ulikuta waliotumiwa kifaa hicho ugonjwa ulirudi zaidi, na ambao uke ulifungwa kwanza walikaribia tumbo wazi. Na kwenye LACC, saratani kutapakaa kwenye utando wa tumbo ilionekana upande wa matundu.

Kwa hiyo mgonjwa ambaye koni imekwisha kutoa ugonjwa wote, hana cha kumwagika. Hapo matundu yanatetewa kwa hoja. Mimi ningeyakubali kwa B kwa masharti: kingo safi, hakuna kifaa ndani ya mlango, uke ufungwe kutoka chini kabla ya kukatwa, kizazi kitoke kwenye mfuko au kupitia uke bila kukatwakatwa. Lakini ni hoja, bado si ushahidi wa kugawa kwa bahati nasibu, na mgonjwa aambiwe hivyo. Kwa A hakuna sharti linalonitosha.

Na roboti ni matundu vilevile. Asilimia 15.6 ya kundi la matundu la LACC walifanyiwa kwa roboti.

---

Mkazi_Kanda:

Nimekupata. A sasa: hatua kwa hatua, na wapi watu wanaharibu?

---

KisuNaUzi:

Upana: B2 au C1 kwa mpangilio wa Querleu na Morrow (A huondoa tishu chache zaidi za pembeni, D nyingi zaidi; C1 huziacha neva za kibofu). Sm 2.6 si sifa ya SHAPE, usijidanganye. MRI ya mji wa jirani kwa A ina thamani: ikionyesha pembeni pameguswa, umemwokoa na upasuaji usio na maana. Isipopatikana kabisa, pima chini ya dawa ya usingizi, kidole kimoja ukeni kimoja kwenye rektamu (puru), watu wawili tofauti, kila mmoja aandike kabla ya kumsikia mwenzake.

Damu chupa 2 ziwe tayari. Sefazolini (antibiotiki) g 2 ndani ya dakika 60 kabla ya kisu. Mkato wa wima hadi kitovuni. Papasa tumbo lote kwanza.

Tezi kabla ya kizazi. Ukiwa na rangi ya buluu ya kuonyesha tezi ya kwanza kupokea limfu kutoka kwenye uvimbe, choma kwenye mlango upande wa kulia na wa kushoto, kidogo juujuu na kidogo ndani, taratibu. Ikichomwa haraka inatoka yote kwenye tundu la sindano. Mwambie mtu wa usingizi mapema, kwa sababu rangi ya buluu hushusha namba ya oksijeni kwenye kipimo cha kidole wakati mgonjwa yuko salama. Upande ambao tezi ya kwanza haikuonekana, safisha upande huo wote, yaani toa tezi zake zote. Kwa A ningesafisha pande zote mbili hata zikionekana: iliaka ya nje, ya ndani, obturata, na iliaka ya pamoja. Tezi yenye saratani ikithibitishwa palepale, simama. Usiendelee kutoa kizazi. Funga, mpeleke kwenye mionzi na kemo. Watafiti wa ABRAX walilinganisha walioendelea na walioacha, na kuendelea hakukuongeza maisha.

Tezi zikiwa safi: fungua nafasi ya pembeni mwa kibofu na ile ya pembeni mwa rektamu. Ukifanya vizuri, parametriamu (tishu za pembeni mwa mlango) inabaki katikati imesimama kama ukuta, na hapo upasuaji ni rahisi. Asiyefungua nafasi hizi anakata gizani, ndiye anayeishia na damu lita mbili. Funga ateri ya kizazi pale inapotoka kwenye iliaka ya ndani. Fungua handaki la ureta (mrija wa mkojo kutoka kwenye figo) hadi kibofuni. Kwa C1, tafuta vena ya kizazi ya chini: neva za kibofu zinapita chini yake, kata juu. Kisha uke: koleo za Wertheim chini ya uvimbe, pande zote zikutane, ndipo ukate ukiwa na sm 1.5 hadi 2 za uke. Uvimbe utoke umefungwa ndani ya uke wake.

Panapoharibika zaidi ni ureta. Kukatwa wazi ni nadra, na kunaonekana. Kibaya ni kuivua nguo: ukiisafisha hadi iwe nyeupe inang'aa, umeondoa mishipa yake ya damu. Leo inatikisika vizuri, siku ya kumi inatoboka. Iache na tishu yake, usiishike kwa koleo, na usizime damu kwa umeme ukiwa handakini. Bonyeza kwa shashi dakika tano kwanza.

---

Sista_Zamu:

Kwa ruhusa ya madaktari, ya wodini, maana mengi yanaharibika kule.

Katheta baada ya C1 inakaa siku 5 hadi 7. Kwa kizazi cha kawaida inatoka kesho yake. Siku ya kuitoa usimuulize mama kama amekojoa ukaridhika, kwa sababu kibofu kilichopoteza hisia kinamwagika kwa kujaa na yeye anafikiri ni kawaida. Akikojoa, pima kilichobaki mara moja. Chini ya ml 100 mara mbili mfululizo, anakwenda. Zaidi ya hapo, rudisha katheta au mfundishe kujiwekea mwenyewe kila saa 4. Apangiwe muda wa kukojoa, asingoje hamu.

Sindano ya enoksaparini mg 40 kila siku kwa siku 28 ndiyo kinga ya damu kuganda. Wengi wanaruhusiwa siku ya tano bila hata moja mkononi.

Maji yanayotoka ukeni kati ya siku ya 7 na ya 14 yasiitwe "uchafu" kabla ya kupimwa. Weka shashi tatu ukeni, jaza kibofu rangi ya buluu kupitia katheta, atembee kidogo. Shashi ikiwa buluu, tundu liko kwenye kibofu. Ikiwa imelowa bila rangi, fikiria ureta. Kreatinini ya maji hayo ikiwa juu sana kuliko ya damu, ni mkojo. Tundu dogo la kibofu linaweza kufunga kwa katheta wiki 3 au 4. Ureta inahitaji stenti (kijibomba cha kuiweka wazi) mapema, na ikishindikana ipandikizwe upya. Kinachowaumiza ni kungoja.

Na mguu mmoja kuvimba: mshipa ulioganda kwanza, limfu baadaye. Usiwafunge bandeji kabla ya ultrasaundi.

---

Grei_Moja:

Kutoka upande wa mionzi, neno moja ambalo mnalipita. Lengo ni mgonjwa apate tiba moja. Landoni mwaka 1997 walilinganisha upasuaji na mionzi kwa IB na IIA: waliokuwa hai miaka 5 ni asilimia 83 pande zote mbili, lakini madhara makubwa yalikuwa 28 kwa upasuaji na 12 kwa mionzi. Sababu ni kwamba wengi waliopasuliwa walihitaji mionzi pia, asilimia 54 hata kwa uvimbe wa sm 4 au chini. Utumbo uliogandana kwenye nyonga baada ya kisu kisha ukapigwa mionzi ya Gy (grei) 45 hadi 50.4 haupendezi.

Kwa hiyo kabla ya kumpasua A jiulize uwezekano wa mimi kumhitaji. Tezi, ukingo au pembeni vikikutwa na saratani, ni vigezo vya hatari kubwa vya Peters: mionzi na sisplatini mg 40 kwa kila mita ya mraba, kila wiki. Uvimbe mkubwa, uvamizi wa kina na LVSI vikiungana, ni vigezo vya hatari ya kati vya Sedlis: mionzi. Kama biopsi tayari ina LVSI na MRI inaonyesha uvamizi wa theluthi ya nje, mlete Ocean Road (Dar es Salaam) au Bugando (Mwanza) akiwa mzima, kizazi kikiwa mahali pake, maana mionzi ya ndani inahitaji mfereji wa kizazi kushika kifaa.

Wagonjwa wabaya zaidi ninaowapokea si A wala B. Ni wale waliotolewa kizazi kwa "kutokwa damu" bila mtu kuangalia mlango kwa spekula. Saratani imekatwa katikati, hakuna hatua, hakuna kizazi cha kushika kifaa. Kila anayeandikiwa kutolewa kizazi atazamwe mlango, apimwe, na kidonda kichukuliwe biopsi kwanza. VVU isiwe sababu ya kumnyima yeyote njia yoyote hapo juu kama anameza dawa na hali yake ni nzuri.

---

Mkazi_Kanda:

Asanteni sana wakuu, na wewe sista. La mwisho: A ana miaka 41, ovari zibaki?

---

KisuNaUzi:

Zibaki. Seli bapa katika hatua hii kufika kwenye ovari ni nadra sana. Kwa adenokasinoma hutokea mara nyingi kidogo zaidi, hapo zungumza naye. Toa mirija ya falopio. Kama kuna dalili kwamba Grei_Moja atamhitaji, zipandishe nje ya nyonga, juu ya usawa wa mfupa wa kiuno, bila kukunja mshipa wake, na uweke klipu ya titani kwenye kila moja ili aione kwenye picha akipanga mionzi. Andika hilo kwenye ripoti ya upasuaji, la sivyo atakayefanya ultrasaundi miaka miwili baadaye ataona "uvimbe" tumboni na kumrudisha mezani.